Mtama wa Verediana

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka damu inachemka hata leo, pamoja na mvi hizi na goti hili linalonisumbua kila mvua ikikaribia. Si siku ya risasi. Za risasi nyingi nimezisahau, na zilizobaki namwomba Mungu anisaidie kuzisahau. Siku hiyo ilikuwa ya sahani ya ugali. Kaa hapo nikusimulie, na hiyo simu iweke chini, maana juzi nimeyasikia maneno yako na sikuyapenda hata kidogo. Umenunua kiwanja kule Kibagabaga, hongera. Lakini yule mama anayelima maharage pale umempa siku mbili awe ameondoka, na alipokusihi umngoje avune, ukamwambia akuonyeshe karatasi. Karatasi! Ebo! Neno hilo hilo nililitamka mimi, kwenye kilima hicho hicho, kabla wewe hujazaliwa.

Unajua kwamba nilizaliwa Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera, katika makazi ya wakimbizi. Ndiyo maana majirani zangu hapa Kabuga hunicheka wakisema naongea Kiswahili kama redio. Bibi yako alifika Karagwe akiwa msichana aliyeolewa karibuni, amebeba mkeka na sufuria moja, na kwao aliacha mtama shambani umeiva, unangoja kisu tu. Hadithi ya mtama ule tulilishwa pamoja na uji. Alikuwa akikoroga sufuria anauliza hewani, "Sijui nani aliula." Sisi watoto tukadhani ni wimbo.

Kila mwaka mtama mpya ukivunwa, hakuna aliyeruhusiwa kuonja kabla ya wazee. Wanyarwanda tunaiita umuganura, na hata ukimbizini hatukuiacha. Nyumbani kwetu ilikuwa na sharti lake: aliyelima ndiye anayemletea mzee sahani, kwa mikono miwili, na mbele ya wote anasema, "Nimeupanda mwenyewe, nimeuvuna mwenyewe, nimekuletea wewe kwanza." Mwaka mmoja nilichovya kidole kabla ya maneno hayo, nikala konzi moja ambalo hadi leo nikipapasa kichwa nadhani nitaukuta uvimbe. Bibi yako akishaonja, kila mwaka alisema vilevile: "Ni mtamu. Lakini ni wa ardhi ya watu. Mimi sifi kabla sijaonja wa kwetu." Tulikua tukiyasikia hayo, na mimi kifungua mimba wake niliyachukua kama amri.

Vita vya kurudi Rwanda vilipoanza mwaka wa tisini nilikuwa nimeoa miezi minane tu. Mama yako alikuwa na mimba ya dada yako Furaha. Nikamwambia naenda, nitarudi baada ya mavuno mawili. Hakulia. Alinifungia maharage makavu kwenye kitambaa, akaniambia nisimfanye mjane kabla hajanizoea. Mavuno mawili yakawa manne.

Unajua kutamani nyumbani ni nini? Wewe ukikaa Dodoma wiki moja unapiga simu ya picha. Mimi nilikuwa na karatasi. Dada yako alipotimiza mwaka, mama yako aliuweka mguu wake juu ya ukurasa wa daftari, akauzungushia penseli, akanitumia kwa mkono wa mtu. Kiguu cha urefu wa kidole changu cha kati! Nilikifunga ndani ya nailoni kisiloe, nikatembea nacho milimani zaidi ya miaka miwili. Wenzangu walikuwa na picha za wake zao. Mimi nilikuwa na mguu, na kila nilipoutoa walinitania, "Karoli, huo mguu haujatembea tu ukuje?"

Bunduki ziliponyamaza Kigali, mwezi wa saba mwaka wa tisini na nne, nilikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wangu. Nikapiga saluti, nikasema, "Afande, naomba wiki moja. Nina mtoto sijamwona."

Hakuinua hata macho. "Vita imeisha, kazi bado. Ruhusa hakuna."

"Afande, siku tatu."

"Umesikia ama hukusikia?"

Nilisikia. Nikageuka, nikaenda nyuma ya gari, nikapiga tairi teke mpaka kidole kikavimba. Miaka minne sikuomba kitu! Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia kofia yake, nikawakasirikia hata ndege waliokuwa wanaruka kuelekea mashariki bila kuomba ruhusa ya mtu. Hasira ile ilikuwa ya haki, mwanangu, sikukatalii. Lakini ilinipotosha. Nilijiambia kwamba kama mimi siwezi kwenda kwao, basi wao watakuja kwangu, na wakija lazima wakute nyumba. Kuanzia hapo sikuwaza kingine.

Siku zile mji ulikuwa na milango mingi iliyo wazi. Askari na watu waliokuwa wanarudi kutoka nje walipita wakichagua nyumba, na aliyechagua aliandika jina lake mlangoni kwa mkaa. Ndivyo ilivyokuwa, usinitolee macho. Mimi nilipata yangu Kibagabaga, na si hii ya leo yenye maghorofa na hospitali. Wakati ule ilikuwa mashamba, migomba, na nyumba moja moja. Nyumba ya matofali mabichi, vigae juu, uzio wa minyaa kuizunguka. Na nyuma yake, mwanangu, mtama. Masuke mekundu yameinama kwa uzito, hayana mtu. Nilipoyaona moyo uliruka, nikamwona mama yangu papo hapo, sahani mapajani. Nikaokota mkaa nikaandika, AFANDE KAROLI. PANA MTU.

Jikoni mlikuwa na mafiga matatu na jivu. Nililifagia. Kilichotokea mji ule miezi mitatu iliyotangulia unakijua, na sisi tulioingia tulikijua kuliko wote, maana tulikiona kwa macho. Kwa hiyo mwenye jivu lile ama alikuwa amekufa, ama amekimbia, ama yuko mahali anatafuta pa kulala. Hata jambo moja katika hayo sikuliuliza. Nilichukua kisu nikaanza kuvuna.

Nilikuwa siku ya pili shambani nilipomwona mwanamke amesimama nje ya uzio. Mwembamba, kitenge kimekwisha rangi, kikapu kitupu kichwani. Umri wake kama wa dada yangu mkubwa. Alisimama anaitazama mikono yangu. Kisha akanisalimu kwa Kinyarwanda, salamu nzuri ya watu waliolelewa vizuri.

Mimi nikamjibu kwa Kiswahili. Kile cha jeshi, cha kubweka. Kinyarwanda nilikijua tangu ziwa la mama, lakini nilitaka aniogope, na siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. "Wewe mama, simama hapo hapo! Unataka nini?"

Naye maskini akajikokota kunifuata katika lugha hiyo. "Afande, ile mtama iko yangu. Mimi nalima. Mimi na bwana yangu. Yeye hayuko tena."

"Na nyumba?"

"Nyumba pia iko yetu. Lakini leo siombi nyumba, afande. Naomba kikapu mbili tu. Pale Kabuga niko na mzee, baba ya bwana yangu, na watoto wawili. Hawajakula vizuri."

Na mimi, mtoto wa mkimbizi, mtoto wa mwanamke aliyeimba habari za mtama wake miaka yote ile, nilisimama katikati ya shamba la mtu, suke lake mkononi, nikamwambia, "Leta karatasi."

Akanitazama kama hakusikia. "Karatasi ilikuwa ndani ya nyumba, afande."

"Basi nenda ofisini uandikiwe nyingine."

Ofisi ipi? Niambie wewe! Mji mzima haukuwa na karani mmoja wa kugonga muhuri. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Hakunibishia. Alitazama mlango, akalisoma jina langu polepole, akakirekebisha kikapu chake kichwani, akashika njia ya Kabuga. Saa tatu au nne za kutembea, na kikapu kitupu vilevile. Mimi nikainama nikaendelea kuvuna. Nilijiambia, tumepigana miaka minne, tuna haki ya kupumzika mahali. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na nyani haoni kundule. Haya yote nilikuwa nayajua kwa moyo, yamelala kichwani mwangu bila kazi.

Baada ya hapo nilimtuma dereva wa lori aliyekuwa anakwenda mpakani awape ujumbe ndugu zetu: nyumba ipo, njooni. Wiki ya tatu wakaja. Lori lilipandisha kilima likitoa moshi, watu juu ya magodoro, kuku wamefungwa miguu. Mama yako alishuka wa kwanza. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanikagua masikio yote mawili kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, ndipo akalia. Furaha alijificha nyuma ya bibi yake. Nikachuchumaa, nikatoa ile karatasi yangu, nikaiweka chini, nikamwomba akanyage. Alikanyaga. Vidole vyake vilitoka nje ya penseli, na kisigino pia. Tukacheka wote, naye akaanza kunitazama bila woga. Mwanangu, saa ile ningeambiwa nichague kufa ningekubali, nimeshafika.

Nilitaka kuikamilisha. Mtama nilikuwa nimeuanika, nikapata mtu wa kuusaga, na mama yako aliusonga bila kujua ulikotoka. Bibi yako tulimkalisha kwenye kigoda, mgongo ukutani, miguu imenyooka. Amezeeka, nilimwacha na meno, nikamkuta na mapengo. Nikampelekea sahani kwa mikono miwili.

Nikasema, "Mama, mtama wa kwetu huu hapa. Umefika nyumbani. Onja."

Aliinusa ile sahani, akafumba macho. Machozi yakamtiririka mashavuni, na hakuyafuta. Kisha akasema, "Maliza maneno."

"Nimekuletea wewe kwanza, Mama."

"Yote, Karoli."

Akafungua macho. Yule alikuwa mkulima, mwanangu, si mtu wa kudanganywa habari za shamba. Akaanza kukunja vidole, anahesabu kwa sauti. "Mtama wa huku hupandwa mwezi wa kwanza. Nakumbuka vizuri. Mwezi wa kwanza ulikuwa wapi?"

"Porini, Mama."

"Na bunduki ama na jembe?"

"Na bunduki."

"Mwezi wa pili wa kupalilia?"

"Vilevile."

"Basi nani aliinama hapa?"

Nikamweleza. Sikuweza kumficha, macho yake yalikuwa yamenishika. Nikamwambia kuna mwanamke alikuja, hakuwa na karatasi, na kwamba kila mtu alikuwa anafanya hivyo, na kwamba tulipigana. Nilipofika hapo kwenye "tulipigana" akaiweka sahani chini, mbali na miguu yake. Hakuiweka kwa hasira. Aliiweka kama mtu anavyoweka kitu cha mwenyewe.

"Miaka thelathini na mitatu," akasema, "najiuliza ni nani aliyekula mtama wangu. Nilimwazia jitu. Nilimwazia ana pembe. Kumbe alikuwa kijana mwenye mke na mtoto, na pengine alikuwa na mama kama mimi akamletea sahani. Sasa sura yake nimeiona. Nimemzaa mimi."

Nikasema, "Mama, tafadhali."

"Nyamaza! Sikukaa miaka yote ile kwenye ardhi ya watu nije nikae tena kwenye ardhi ya watu. Tulipofukuzwa sisi tulilia. Mkuki kwa nguruwe, siyo? Huyo mwanamke umemwomba karatasi. Mimi niliondoka na karatasi gani? Hebu niambie, Karoli. Nikirudi kilimani kwetu kesho, nikamkuta kijana mlangoni, nitamwonyesha nini? Huu mkeka?"

Akainuka, akajitwika mzigo wake, akamshika Furaha mkono, akatoka nje ya uzio, akakaa njiani juu ya mzigo. Mama yako alinitazama mara moja, akawafuata. Nikabaki peke yangu ndani ya nyumba niliyoitafuta kwa ajili yao, na ugali unapoa. Miaka minne nimelia kwa ajili ya watu watatu hawa, na sasa wote watatu wamekaa kwenye vumbi kwa kunikimbia mimi!

Nilitembea mpaka Kabuga jioni ileile, na sikuomba ruhusa kwa yeyote. Nikamtafuta usiku kucha, na alfajiri nikamkuta nyuma ya soko, chini ya turubai, anawasha moto wa vijiti. Jina lake Verediana. Nililijua siku hiyo kwa kuwa siku hiyo ndiyo nilimuuliza. Aliponiona alisimama haraka, akashika kitenge chake kifuani.

"Afande," akasema, "karatasi bado sijapata."

Kumbe alikuwa akiitafuta kweli. Alikuwa ameizunguka Kabuga siku zote zile akiuliza watu ofisi ilipo. Nikavua kofia. Nikamwomba radhi kwa Kinyarwanda, nikajikwaa, maneno yakanikimbia mimi safari hii. Nyuma yake alikuwa amelala yule mzee, baba mkwe wake, mifupa mitupu, wa mwisho katika wazee wa nyumba ile, ambaye ndiye mtama ule ulikuwa haki yake kuuonja kwanza.

Verediana alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakunishukuru, na kwa nini anishukuru? Alisema neno moja tu. "Kwanza nenda ukafute jina. Nikiona limefutika, nitaingia."

Nililisugua kwa mchanga na maji mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Wakaja kesho yake, yeye na watoto na mzee akiwa amepakiwa kwenye baiskeli ya mtu. Mtama wote niliouvuna niliuweka mlangoni, na ule uliokwisha kusagwa. Verediana aliusonga mwenyewe. Akampelekea mzee wake kwa mikono miwili, na sisi tukasimama nje ya uzio. Mzee akaonja, akatafuna muda mrefu, akatuita. Akamega tonge kwa mkono wake, akamnyooshea mama yangu, mgeni wake.

Bibi yako akapiga magoti kwa heshima, akakataa. "Asante, Baba. Mimi nitaonja wa mwanangu, akiulima."

Tukakaa miezi katika darasa la shule, familia nne chumba kimoja. Mwezi wa kwanza nikapata kipande cha ardhi hapa Kabuga, na Verediana ndiye aliyenipa mbegu. Siku ile ya kunipimia mbegu ndipo aliponiambia, taratibu, huku anapepeta: "Unajua, Karoli, siku ile ungeniomba, ningekupa. Ningekupa hata nusu. Mama yako angekula siku aliyofika." Na ni kweli. Tonge la kuombwa kwa aliyelima lingeliwa kwa amani, na pengine bibi yako angelipokea. Ila nilikwisha kumfanya aone haya kula.

Bibi yako aliugua mwezi wa nne. Mtama wangu ulikuwa umefika kiunoni, majani ya kijani, hauna hata suke. Kila asubuhi aliniuliza, "Umefika wapi?" Nami nilimwonyesha kwa mkono, hapa, Mama, sasa hapa. Alifariki mwezi wa tano. Aliyesema hatakufa kabla hajaonja alikufa hajaonja, na aliyemnyima ni mimi, si vita, si mkubwa wangu na ruhusa yake. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wangu keshakuwa mzee, naishi naye nyumba moja.

Sasa sikiliza, nakwambia wazi, sitaki uende kutafuta maana. Ukiteswa, mateso yako si kibali. Ukikuta shamba limelimwa, muulize aliyelima kabla hujauliza muhuri. Karatasi yako ya kiwanja ni halali, sibishi, na hata mimi siku ile kila mtu angeniambia niko sawa. Lakini mwanamke yule amepanda, na maharage hayajui nani amenunua. Kesho asubuhi utakwenda Kibagabaga kwa miguu yako, utavua kofia, utamwambia avune mpaka punje ya mwisho, na ukimwona mzee nyumbani mwake umsalimie kwa jina langu. Na ole wako nisikie umempigia simu tu!

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kipande chako na jembe la kukilimia. Akupe mavuno unayoweza kuyataja mbele ya watu bila kumeza mate. Na mama yako, aliyekusongea ugali jana, amweke hai mpaka ulichopanda wewe kiive, akionje, aseme ni kitamu.